Nchi Isiyo na Ufa

Kulikuwa na nchi, na ipo mpaka leo kwa kuwa haijapata kibali cha kutokuwepo, iitwayo Jamhuri ya Imara. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani za kwao hufungiwa Ikulu, ndani ya sefu, zisije zikaonyesha kitu.

Sifa kubwa ya Imara ilikuwa kwamba haina ufa. Sisemi hivi kwa kujipendekeza, ilikuwa sheria. Zamani kidogo, katika mkutano mkuu wa chama, mjumbe mmoja wa mikoani alisimama akasema, "Ndugu wajumbe, ndani ya chama chetu kuna ufa." Mjumbe yule aliombwa atoke nje kidogo kunywa maji, na mpaka leo anayanywa. Jioni ile ile Bunge likapitisha Sheria ya Kutokuwa na Ufa. Neno lenyewe likaondolewa kwenye kamusi, na nafasi yake ikaachwa tupu ili wanafunzi wajifunze usafi. Bonde la Ufa, ambalo lilikuwa limepita Imara bila kuomba ruhusa ya mtu, likaitwa Bonde la Umoja. Mafundi waashi, ambao kuta zao ziliendelea kupasuka kwa sababu kuta hazisomi gazeti la serikali, walijifunza kusema kwamba ukuta umetabasamu. "Mama, sebule yako inatabasamu, andaa saruji." Nao akina mama wenye magaga walishauriwa kuvaa viatu vya kufunika katika sikukuu za kitaifa.

Ile methali ya wahenga inayohusu kuziba na kujenga haikufutwa, kwani serikali ya Imara inaheshimu mila. Ilirekebishwa tu. Watoto shuleni walifundishwa: "Usipoziba, usijenge." Hakuna aliyejua maana yake, na wote walifaulu.

Katika nchi hiyo ya heri alizaliwa Sikudhani. Mama yake, Bi Mashavu, alimpa jina hilo kwa kuwa alishakata tamaa ya kupata mtoto. Binti alikuwa na akili, akasomeshwa na serikali hadi ng'ambo, akarudi na udaktari wa jambo ambalo Wizara haikuuliza ni nini mpaka ilipokwisha kumpa ofisi, nyumba na gari. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa kupima ardhi bila kuichimba, ili kutambua nyufa zilizojificha ndani ya miamba. Yaani serikali ilikuwa imemsomesha mtu akawe bingwa wa kitu kisichoruhusiwa kuwepo. Mambo haya hutokea hata katika nchi nzuri. Wizara ilimpangia kazi ya kuhakiki rangi ya mapazia, naye Sikudhani aliifanya vizuri, akala mshahara wake kwa amani.

*

Amani hiyo ilivurugwa na bwawa. Rais wa Imara aliota kwamba nchi ina Bwawa la Kauli Moja, na ndoto za Rais zilikuwa zinaingia moja kwa moja kwenye mpango wa maendeleo. Mahali palichaguliwa katika Milima ya Zumaridi, kwenye mto Nsele, juu kidogo ya mji wa Kidarajani. Wafadhili, watu wasio na adabu, wakasema hawataunga mkono lolote mpaka ardhi ya pale ipimwe. Wizara ikapekua ofisi zake zote kutafuta mpima ardhi, ikamkuta Sikudhani kwenye mapazia.

Alifurahi mno. Kwanza kwa kuwa Kidarajani ndiko alikozaliwa, na mama yake alikuwa bado yuko kule, anauza vitumbua kando ya stendi. Pili kwa kuwa milima ile ni ya ajabu. Miamba yake wataalamu huiita ofiolaiti. Zamani za kale ilikuwa sakafu ya bahari, chini kabisa kwenye kiza, kisha dunia ilipojinyoosha ikaiburuta ikaipandisha juu ya nchi kavu, nayo ikajikunja mithili ya mkeka. Kwa kuburutwa huko ilipasuka hapa na pale, maji yakapenya, na jiwe likageuka la kijani, laini, lenye utelezi wa sabuni. Halafu udongo na majani vikafunika kila kitu, pakawa na milima mizuri ya kupiga picha. Mwenye macho tu haoni chochote. Lazima aje na vyombo.

Kosa la kwanza la Sikudhani lilikuwa kuandika, katika taarifa yake ya mwanzo, kwamba "Milima ya Zumaridi ni sakafu ya bahari." Imara haina pwani. Hata hivyo ina Jeshi la Wanamaji, kwa sababu jirani zake wanalo, na jeshi hilo lina Amirali, bwana mmoja mnene aitwaye Kibwana Mpate, ambaye aliapa kuilinda bahari na alikuwa bado anaisubiri. Taarifa ilipomfikia alitokwa na machozi. Kesho yake alipanda mlimani amevaa jaketi la kuokolea, nyuma yake boti zinavutwa na matrekta, akasimika bendera kwenye kilele.

"Hatimaye!" alisema, huku akihema. "Wasaliti walisema hatuna bahari. Tunayo, tena imeinuka kuliko za wenzetu!"

Mbuzi wa Kidarajani walitangazwa kuwa vyombo vya kigeni, wakapigwa marufuku kukatiza. Sikudhani alifanya kazi yake katikati ya paredi za wanamaji, na kila akitaka kuvuka korongo alitakiwa kuonyesha kwamba anajua kuogelea.

*

Alianza na kipimasumaku. Miamba ya aina ile ina chembechembe za sumaku. Ukipita na chombo taratibu, namba hupanda na kushuka kwa mpangilio, na mahali penye ufa mpangilio hukatika ghafla, sawa na kitenge kilichoshonwa maua yake yasikutane. Ni kazi ya utulivu, na anayeifanya havai hata mkanda wenye kifungo cha chuma.

Siku ya pili akaja Waziri wa Ardhi Tulivu, Mheshimiwa Hamduni Kipande, kukagua. Alikuja na nishani kifuani tangu begani hadi kitovuni, walinzi wenye bunduki, na bendi ya tarumbeta. Alipokikaribia kile chombo, namba zilipaa zikagota juu.

"Kuna nini hapo?" aliuliza Waziri.

"Ni… ni wewe, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Chuma ulichovaa."

Waandishi wa habari waliisikia nusu ya kwanza. Magazeti ya kesho yake yaliandika: ARDHI YAMTAMBUA WAZIRI. Chini yake maprofesa wawili wa chuo kikuu walithibitisha kwamba mvuto wa Mheshimiwa sasa umepimwa kisayansi.

Kosa la pili lilifuata hapo hapo. Sikudhani alikuwa amechomeka ardhini visikilizio vyake, vidude vidogo vinavyonasa mtikisiko. Unapiga nyundo kwenye bamba la chuma, mtikisiko unashuka, unagonga mwamba, unarudi na habari. Inahitajika kimya. Mheshimiwa Kipande alipoona watu wamenyamaza alidhani wanamsubiri, akahutubia mpaka jua likageuka. Visikilizio vikanasa hotuba yote. Katika fani yao, mtikisiko usio na habari yoyote kuhusu kilichomo ndani huitwa kelele, na Sikudhani, kwa mazoea tu, aliandika kwenye mchoro: "Sehemu hii ni kelele." Katibu Mkuu wa Wizara alipoliona neno hilo alimwita, akamsimamisha kwenye zulia, akamfokea kama anafokea mtoto aliyemwaga uji. Neno lilibadilishwa likawa "hekima ya mawimbi mafupi".

Mwisho alipitisha umeme ardhini kwa vigingi vya chuma, kuona unapokwama na unapoteleza. Umeme hupenda maji, na maji hupenda ufa. Vyombo vyote vitatu, ambavyo havikuwahi kukaa kikao kimoja, vikatoa jibu moja. Chini ya lile korongo lililochaguliwa kujengwa bwawa kulikuwa na ufa mkubwa, mpana kuliko barabara ya Ikulu, umejaa tope la kijani linaloteleza, na ulikuwa hai. Bwawa likijengwa pale, ukuta ungekalia sabuni, na maji yote yangeiangukia Kidarajani. Juu zaidi mtoni, mahali paitwapo Nguzoni, mwamba ulikuwa mzima na mgumu. Bwawa lingeweza kukaa hapo mpaka wajukuu wa wajukuu wazeeke.

Dawa ilikuwepo, na haikuhitaji hata muujiza. Ilihitaji neno moja tu lisemwe.

*

Mkutano ulifanyika Wizarani. Ramani ilitandikwa mezani, na mstari mwekundu mnene ukakatiza korongo.

"Dakta," alisema Mheshimiwa Kipande, "huu mstari mwekundu ni kitu gani?"

Sikudhani akafungua kinywa. "Ni u…"

Kalamu zikasimama. Mkurugenzi wa Itifaki akafumba macho. Katibu Mkuu akaziba masikio kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayejua sheria. Katika ile nafasi ndogo baada ya herufi ya kwanza Sikudhani aliiona ofisi yake, akaiona nyumba ya Wizara yenye maji ya bomba, akaliona gari, na mwisho akamwona yule mjumbe wa mikoani anakunywa maji.

"Ni u… umoja, Mheshimiwa," alisema. "Yaani, mshikamano. Pale miamba miwili imekutana. Imebanana. Imeshikamana."

Msimhukumu. Au mhukumuni tu, mimi sitawazuia. Alilolisema lilikuwa na ukweli ndani yake, kiasi kile kile cha ukweli unaokuwa kwenye tangazo la sabuni. Miamba miwili kwenye ufa imebanana kweli, ila kila mmoja unataka kwenda zake. Alipanga amweleze hilo Mhandisi Mkuu baadaye, faraghani, mambo yaishe kimyakimya. Watu wa Imara wote walipanga kusema ukweli baadaye, faraghani.

"Mshikamano!" Waziri aliinuka kitini. "Mmesikia? Ardhi yenyewe ina mshikamano! Na huu ni mkubwa kiasi gani?"

"Ni… mkubwa kuliko wote tuliopima, Mheshimiwa."

"Na hapa mlipopendekeza tuhamie, Nguzoni, kuna mshikamano?"

"Hapana. Nguzoni hakuna kabisa."

Waziri aliwatazama wenzake mmoja mmoja kwa masikitiko.

"Ndugu zangu, hebu nisaidieni. Mtu mwenye akili timamu anajengaje bwawa la taifa mahali pasipo na mshikamano, akaacha mahali penye Mshikamano Mkuu?"

"Mheshimiwa, samahani," Sikudhani alisema. "Hapo kwenye mstari ndipo hasa penye…"

"Penye nini, Dakta?"

"Penye mshikamano."

Walipiga makofi mpaka birika la chai likacheza. Bwawa lilisogezwa kutoka pembeni mwa mstari, lilipokuwa kwenye mchoro wa awali, likawekwa katikati yake barabara. Sikudhani alipandishwa cheo. Mhandisi Mkuu, alipofuatwa faraghani, alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Pole sana, dada. Mimi sijakusikia." Kisha akaenda kumwaga zege.

*

Ukuta ukapanda. Maji yakaanza kujaa. Chini ya ukuta pakaanza kutoka tope jembamba la kijani, na msemaji wa serikali akaeleza kwamba bwawa linatokwa na jasho la maendeleo. Sikudhani aliyerudi kuchomeka visikilizio vyake, safari hii bila bendi, alisikia ardhi inalia mithili ya vifundo vya mzee anayetaka kuinuka. Alikimbilia Wizarani bila hata kubadili viatu.

"Mheshimiwa, mshikamano unasogea!"

"Hongera! Unasogea kuelekea wapi?"

"Mashariki."

"Vizuri sana, kule ndiko tulikokosa kura."

"Mheshimiwa, nielewe. Mshikamano unapanuka. Ukiendelea hivi utafika Kidarajani."

Waziri alimshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. "Dakta, sijawahi kusikia habari njema zikitolewa kwa uchungu wa kizalendo namna hii."

Jioni mama yake alipiga simu. Simu za Imara zina masikio mengi, na mtu akizungumza husikia pumzi ya mtu wa tatu.

"Mwanangu, maji ya kisima yamekuwa ya kijani," alisema Bi Mashavu. "Na juzi usiku vyombo vimegongana kabatini vyenyewe. Watu wanauliza, kwa kuwa mtoto wangu ndiye mpimaji: tukae au tuondoke?"

Pumzi ya mtu wa tatu ikasubiri.

"Mama," alisema Sikudhani, "chini ya bwawa kuna… kuna mshikamano mkubwa sana."

"Alhamdulillahi!" Bi Mashavu alishusha pumzi. "Nilijua. Ngoja nikawaambie majirani, kuna mama mmoja hapa alishaanza kufunga mizigo. Nitamwambia akae tu. Mwanangu mwenyewe kasema."

Sikudhani alibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya mama yake kukata. Alikuwa amejificha nyuma ya neno, na sasa neno limetoka limeenda kumkalisha mama yake mbele ya maji.

*

Siku ya uzinduzi mji mzima wa Kidarajani ulipandishwa kwa malori ukaketishwa chini ya ukuta, wanawake wamevishwa kanga mpya zilizoandikwa MSHIKAMANO NDIYO NGOME YETU. Jukwaa la wageni lilijengwa juu, pembeni, penye upepo. Rais hakuja, lakini ilikuja picha yake, ikahutubia kwa ukimya. Amirali Mpate alipiga saluti ya baharini. Kisha Mheshimiwa Kipande akamvisha Sikudhani nishani na kumwita aseme machache ya kitaalamu.

Alikuwa amejiapiza usiku kucha kwamba atawaonya. Alikuwa pia amejiapiza kuwaonya kwa lugha inayoruhusiwa. Basi akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu wa Kidarajani, ukuta huu umekaa juu ya mshikamano!"

Makofi.

"Sikilizeni! Mshikamano huu hautulii! Uko hai! Kila siku unasogea!"

Vigelegele. Bendi ikapiga kidogo.

"Mshikamano ukiendelea hivi utatufikia majumbani mwetu! Utawafikia watoto wetu vitandani! Hakuna atakayesalimika!"

Umati ulisimama. Mheshimiwa Kipande alifuta machozi kwa leso, akamnong'oneza Katibu Mkuu kwamba mwanamke huyu ni hazina, apewe wilaya. Na safu ya mbele kabisa, kanga mpya kiunoni, aliyekuwa anapiga makofi kuliko wote alikuwa Bi Mashavu. Alikuwa anapiga huku anawageukia majirani zake na kumwonyesha kidole binti yake jukwaani, na mdomo wake ulisomeka vizuri kabisa: wangu huyo, wangu.

Sikudhani alimtazama mama yake, akautazama ukuta uliokuwa umemwinamia.

"Mama," alisema. "Ni ufa."

Wizara ya Habari ilikuwa imeweka fundi mitambo mwenye kidole juu ya swichi, tayari kuzima neno lolote baya. Maneno mengi mabaya ni marefu: uwajibikaji, uchunguzi, upinzani; unayazima yakiwa bado njiani. Ufa ni neno la silabi mbili. Kidole kilipofika, lilikwisha kupita.

Palizuka kimya ambacho vile visikilizio vyake vingekipenda. Hakuna aliyeuliza ufa ni nini. Kamusi ilikuwa imefuta neno, lakini kila mtu pale alikuwa ametoka kwenye nyumba yenye ufa, amelala anautazama, ameuziba kwa magazeti, na anajua siku zote unaishia wapi. Watu wakainua macho kuutazama ukuta.

"Wimbo wa taifa!" alipiga kelele Waziri. "Pigeni wimbo wa taifa!"

Hapo niwape sifa, ilikuwa akili. Sheria ya Imara inamtaka mtu yeyote anayesikia wimbo wa taifa asimame wima asijongee hadi umalizike, na adhabu yake inajulikana. Bendi ikapiga. Mji mzima ukasimama palepale, mikono ubavuni, chini ya ukuta. Wimbo ulipokaribia kwisha Waziri akazungusha kidole, bendi ikaanza upya, na tena, na tena. Tope la kijani lilikuwa linawapita kwenye viatu.

Ni Bi Mashavu aliyefungua njia. Alikaza kanga yake, akamshika jirani yake mkono, yule yule aliyekuwa amemwambia asifunge mizigo, akageuka.

"We mama!" alifoka askari. "Wimbo wa taifa huo!"

"Nausikia, baba," alisema Bi Mashavu. "Nitauimba njiani."

Akaanza kuimba, kwa sauti, anatembea. Sheria ilikuwa haijasema lolote juu ya mtu anayeuimba. Wa pili akadaka, wa tatu, kisha mji wote ukaondoka unaimba wimbo wa taifa kwa nguvu ambayo haujawahi kuimbwa nayo hata siku ya uhuru, ukashuka Kidarajani, ukabeba watoto, wagonjwa, masufuria na kuku, ukapanda zake Nguzoni. Askari walisimama wima wakapiga saluti. Hawakuwa na la kufanya. Wimbo ulikuwa unapita.

Jukwaani Sikudhani alivuliwa nishani, akafungwa pingu.

*

Ufa ulisogea kabla wiki haijaisha, ukuta ukaanguka, maji yakashuka. Kidarajani ilichukuliwa yote, stendi, msikiti, kanisa na kibanda cha vitumbua, na hapakubaki hata msingi. Boti za Amirali, zilizokuwa zimeegeshwa bondeni, zilielea kwa alasiri moja, ndiyo historia nzima ya Jeshi la Wanamaji la Imara. Alikufa mtu mmoja: Katibu Tarafa, aliyekuwa amebaki ofisini ili kuthibitisha kwamba hali ni shwari.

Redio Imara ilitoa taarifa yenye utulivu. Bwawa halikuvunjika, ilisema. Serikali, katika kutekeleza ahadi zake, imegatua maji kutoka makao yake makuu hadi ngazi ya familia.

Kesi ya Sikudhani ilisikilizwa upesi, maana Jaji Mwinyikombo alikuwa na safari. Mwendesha mashtaka alieleza vizuri sana, na nakiri kwamba sijawahi kusikia hoja iliyonyooka kuliko ile.

"Mheshimiwa Jaji, kabla mshtakiwa hajafungua kinywa, nchi hii haikuwa na ufa. Hilo ni suala la kisheria. Mshtakiwa akafungua kinywa, akatoa ufa, watu wote wakasikia. Baada ya hapo bwawa likapata matatizo. Sasa huo ufa ulitoka wapi, kama si kinywani mwake?"

"Una la kusema?" Jaji alimuuliza Sikudhani.

"Ninalo. Ufa ulikuwepo. Niliupima, niliujua, na niliuita jina la uongo kwa kuogopa. Hilo ndilo kosa langu. Nihukumuni kwa hilo."

"Hilo si kosa katika sheria zetu," alisema Jaji, akionyesha kukerwa kidogo. "Hilo ni utumishi wa umma."

Akahukumiwa kifungo mpaka hapo itakapothibitishwa kitaalamu kwamba ufa haupo, na kwa kuwa mtaalamu wa kuthibitisha alikuwa yeye peke yake, na wafungwa hawaruhusiwi kufanya kazi za kitaalamu, kifungo hakikuhitaji kupewa mwisho. Aya ya pili ya hukumu ilihusu maendeleo. Mahakama iliona kwamba ufa ni mali ya mshtakiwa. Kwamba mshtakiwa sasa yuko chini ya ulinzi. Na kwamba kwa hiyo lile korongo limekuwa salama. Serikali iliruhusiwa kujenga tena pale pale.

*

Bi Mashavu alikwenda kumwona mwanawe gerezani. Alipeleka vitumbua, navyo vilitobolewatobolewa mlangoni kwa usalama wa taifa. Koplo wa magereza, mwanamume wa makamo mwenye sura ya kuchoka, jina lake Ndimbwa, alisimama karibu yao kuhakikisha wanazungumza mambo ya kawaida.

"Wameanza kumwaga zege," alisema Bi Mashavu.

"Na watu?"

"Wako Nguzoni. Wameambiwa washuke wakajengewe nyumba mpya chini ya ukuta, na mabati bure. Hakuna aliyeshuka. Mkuu wa Wilaya amekuja kutuambia kwamba tumejitenga na taifa."

"Mkamjibu nini?"

"Tukamkaribisha chai." Bi Mashavu alimsogezea mwanawe kitumbua. "Kula, umekonda. Watu wanakusalimu. Wale waliokuwa wanakutukana mwanzoni nao wanakusalimu, ila si wote. Wako wanaosema ungelisema mapema, nyumba zingekuwepo."

"Wanasema kweli, mama."

"Ndiyo, wanasema kweli. Hata mimi nimekasirika, usidhani sijakasirika." Akafuta sukari vidoleni. "Sasa wanataka kujua huko Nguzoni, ukishuka kuelekea tunapotaka kujenga shule, kama hapana ufa."

Alilisema kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya kuuzia vitumbua, na neno likagonga kuta za chumba cha wageni. Koplo Ndimbwa alishtuka. Alikuwa na filimbi shingoni kwa ajili ya jambo hilo hilo. Sikudhani akaweka kitumbua chini, akaivuta kanga ya mama yake taratibu, akimsihi anyamaze.

Koplo aliishika filimbi. Akaenda mlangoni, akachungulia ukumbini upande huu na upande ule, akarudisha mlango.

"Dakta," alisema, kwa sauti ya chini. "Hizi kotazi zetu, nyumba za askari hapa nyuma ya gereza. Chumba wanacholala watoto wangu. Kuna ufa kutoka darini mpaka chini. Mwaka jana kilikuwa kinaingia kidole, sasa unaingia mkono."

Sikudhani alimtazama. "Maji ya kisima chenu yakoje?"

Koplo Ndimbwa akavuta kiti, akaketi kando ya Bi Mashavu, akaanza kueleza.